Jumapili ya Mwisho kabla ya Kwaresima

Coulee Trahan, Louisiana
7 Novemba 1993

Mdogo wangu Zulema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo sote, tukiliondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Nawe hujambo? Na yule paka wako mnene, bado mnakula meza moja?

Sikukuu ya Watakatifu Wote tumeimaliza salama. Nimepaka chokaa kaburi la Baba, la Mama na la mume wangu Felton. Nimepaka na la shangazi Euphrosine, ingawa wewe ulisema hakustahili. Viazi vitamu vimekubali mwaka huu. Mwanangu Rayford bado yuko kwenye kinu cha mpunga, na Jumapili anapiga kodiani na kikundi chake. Mkewe Wilda bado anavaa lile bati lake la muziki, la mikunjo, kifuani na kulikwaruza kwa vifungua chupa kama mtu anayejikuna upele. Nampenda sana yule mkwe, lakini masikio yangu yana umri.

Sasa hoja yenyewe. Ukumbi wa Baba unanishinda. Paa ni zima, sakafu ni nzima, watu ndio hawapo. Jumapili iliyopita waliingia kumi na tisa, na wanne kati yao walikuwa wanangoja mvua ipite. Vijana wanakwenda mjini Opelousas, wazee wanasema muziki wa Rayford wa zydeco una kelele, hawaisikii fidla waliyoizoea, basi wanakaa kwao na televisheni. Bwana mmoja mwenye mashamba ya mpunga anautaka ukumbi uwe ghala lake. Nimemwambia nitamjibu Pasaka ikipita.

Usianze kulia. Kama ni lazima ulie, lia umekaa, maana na wewe ni mzee.

Ni mimi dada yako,
Odile


Richmond, California
29 Novemba 1993

Dada Odile,

Shikamoo, ingawa umenizidi miaka minne tu na unajifanya kama arobaini. Mimi mzima, paka mzima, na kwa taarifa yako yeye ndiye anayekula mezani, mimi nakula nimesimama. Pole na goti. Mwandiko wako umezidi kuwa mbaya; nimemsomea padre barua yako na pale ulipoandika "ghala" tulidhani umeandika "ghasia".

Ghala! Odile, Baba alizikata mbao zile kwa mkono wake. Unataka panya wacheze dansi humo?

Nikwambie tunavyofanya sisi huku. Kwenye ukumbi wa parokia hatuna wanamuziki wa kuchagua. Tuna mzee mmoja wa huko kwetu Mallet mwenye fidla, mmoja mwenye bati, na mpiga kodiani ni tarishi mweupe aliyezaliwa Church Point. Hakuna anayeuliza huu ni muziki wa Wakajuni, wale weupe wa Kifaransa wa huko kwetu, au huu ni zydeco yetu sisi weusi, kwa sababu tukianza kugawana hatubaki na kikundi, tunabaki na watu watatu walionuniana. Basi fidla inalia juu, bati linakwaruza chini, kodiani inapita katikati, na mimi na goti langu tunasahau tuna miaka mingapi. Dada, ni raha! Mara ya kwanza nilicheka peke yangu katikati ya sakafu mpaka watu wakadhani nimelewa. Ni kama wali na maharagwe: kila kimoja kinaliwa peke yake, lakini nani anataka?

Changanya, Odile. Tafuta fidla, umwekee Rayford pembeni. Wazee watarudi.

Mdogo wako,
Zulema


Coulee Trahan
9 Januari 1994

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini umeupokea ukiwa na afya na meno yako yote. Huku tumechinja nguruwe wawili. Wilda amenitengenezea soseji za wali nikala nne, daktari akikuuliza sema mbili.

Ushauri wako nimeusoma. Kwa kawaida sipokei ushauri kwa mtu anayetia nyanya kwenye mchuzi wa gumbo. Lakini sikiliza lililotokea. Usiku wa mwaka mpya upepo umeng'oa paa la ukumbi wa akina Hebert, ule wa weupe kule ng'ambo ya reli. Paa zima, limekwenda kulala kwenye shamba la mtu. Juzi nikasikia mlango unabishwa. Nafungua, namkuta Dewey Hebert, kofia mkononi. Huyu ni mwana wa yule Hebert mzee. Ana miaka sitini na sita sasa na nywele zimemkimbia, na anapiga fidla kama babake alivyokuwa akipiga.

"Bi Odile," akasema, "watu wangu hawana pa kuchezea Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima. Unajua ilivyo. Tukiikosa hiyo, ni siku arobaini bila dansi."

Zulema, aliniita Bi. Babake hakumwita Baba yetu hata Bwana. Nilisahau kumkaribisha kiti. Nikamwambia nitafikiri.

Nafikiri bado. Wewe unasemaje?

Odile


Richmond
24 Januari 1994

Dada,

Shikamoo. Tetemeko ulilolisikia lilikuwa Los Angeles, mbali na hapa kama Coulee Trahan na Mexico, kwa hiyo usiendelee kumwambia kila mtu kanisani kwamba nimefukiwa. Wilda amenipigia simu akilia.

Kuhusu Hebert: hapana.

Nilisema utafute fidla. Sikusema ile. Umesahau Baba aliwapigia muziki Jumamosi ngapi? Aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaa kwenye kiti kando ya dirisha, na chakula akala nyuma, kwenye ngazi, sahani mapajani. Watu walewale waliokuwa wakicheza kwa mkono wake! Leo upepo umewachukulia paa ndiyo wanakumbuka njia ya kwetu.

Usiniulize zaidi. Nina sababu zangu.

Zulema


Coulee Trahan
2 Februari 1994

Mdogo wangu mkali,

Leo ni Kandelaria, sikukuu ya kubariki mishumaa, nimekaanga chapati za mayai na ya kwanza nimeirusha juu ya kabati kwa bahati njema. Imebaki huko. Siwezi kupanda kiti.

Sijasahau ngazi ile. Lakini wahenga wamesema mavi ya kale hayanuki. Na wewe huko unacheza dansi kwa kodiani ya tarishi mweupe wa Church Point, kisha mimi huku unataka nifunge mlango. Kuna kitu unanificha, Zulema, na umekificha tangu ulipopanda treni mwaka arobaini na tatu. Sikuulizi. Nasema tu nimeona.

Halafu nina habari mbaya. Kwa uzee wangu, Jumapili ile ya mwisho, tarehe kumi na tatu, nimempa Bwana Hebert. Na nilikuwa nimeshampa Rayford. Nimesahau kabisa! Hakuna kati yao anayejua kuhusu mwenzake. Sijui itakuwaje.

Odile


Richmond
8 Februari 1994

Odile,

Umesahau? Wewe? Wewe unakumbuka nani alikula paja la kuku siku ya kipaimara changu mwaka thelathini na tano, na kila Krismasi unanikumbusha!

Mavi ya kale yananuka mvua ikinyesha. Fanya utakavyo, asiyesikia la mdogo wake huvunjika guu, na wewe tayari una goti moja. Lakini uniandikie kila kitu. Nani alikuja, nani alicheza na nani. Usiruke chochote.

Z.


Coulee Trahan
20 Februari 1994

Mdogo wangu Zulema,

Kwaresima imeingia na nyumba imenyamaza. Rayford ameifungia kodiani kabatini mpaka Pasaka na anatembea kama mtu aliyepoteza mbwa. Tunakula kambale Ijumaa na tunavumiliana siku nyingine. Barua yako nimeipata. Kalamu imetoboa karatasi mahali pawili, nikajua hujambo.

Vuta kiti.

Saa nane mchana walikuwa wameshafika wote. Rayford akakuta gari la Hebert limeegeshwa mahali pake. Hebert akakuta drams za Rayford jukwaani. Wakanijia jikoni kwa pamoja.

"Mama, huyu mzee anatafuta nini hapa?"

"Bi Odile, si uliniambia Jumapili hii?"

Nikashika kichwa. "Jamani, uzee huu! Sasa nifanyeje? Watu wameshajaa. Pigeni pamoja, mimi nina wali motoni."

Rayford akanitazama kwa jicho la babake. "Mama, wewe hujawahi kusahau kitu."

"Basi nimeanza leo," nikamwambia. "Nenda."

Watu walikuwa wengi, Zulema! Tangu harusi ya Rayford sijaona ukumbi umejaa vile. Lakini wetu walijibana ukuta huu, wao wakajibana ukuta ule. Katikati sakafu tupu. Nilikuwa nimeinyunyizia unga wa mahindi iteleze, na unga ule haukuwa na alama hata ya kiatu kimoja. Bwana wa mpunga naye alikuwepo, amekuja na kamba yake kupima kuta. Nikaona aibu imenifika shingoni. Nilijiambia, Odile, umeua ukumbi wa babako mbele ya watu.

Jukwaani ndiko kulikokuwa na kazi. Unajua Wakajuni hulegeza nyuzi za fidla ili zikae pamoja na kodiani yao ndogo ya vitufe. Kodiani ya Rayford ni ile kubwa ya vidole kama piano, na vijana wake wamezoea kupiga juu zaidi. Hebert akavuta upinde, Rayford akavuta kodiani, ikatoka sauti ambayo mbwa wangu aliamka uani akaondoka.

"Mzee, kaza nyuzi zako, upandishe sauti ije kwangu."

"Nyuzi hizi zimekaa hivi tangu mwaka arobaini na nane, kijana. Nikizikaza zitakatika. Shuka wewe."

"Kwani hapa ni kwa nani?"

"Ni kwa mwenye adabu."

"Adabu ndiyo hiyo ya kuja na fidla iliyolala?"

Robo saa, Zulema! Wanaume wazima wawili, panda wewe, shuka wewe, na mia mbili wanawaangalia. Nilikuwa natafuta kiatu cha kumrushia mwanangu.

Wilda ndiye aliyechoka. Alikuwa amesimama na bati lake kifuani tangu saa nane, linamchoma bega. Akasema kwa sauti, "Nyie endeleeni kubishana, mimi nina mikono," akaanza kukwaruza. Peke yake. Bati tupu. Cha-ka-cha, cha-ka-cha. Mimi niliyekuwa nikilisema bati lile kila siku, nikahisi goti langu limeanza kuitikia bila ruhusa.

Na upande wa pili alikaa Bi Earline, mke wa Hebert, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kanisani. Yeye hupiga ile pembetatu ya chuma, na yake imefuliwa kwa meno ya reki ya kukusanyia majani, kama alivyotufulia Baba ya kwetu. Akamtazama Wilda. Akaitundika pembetatu kidoleni. Ting, ting-a-ting, akaingia katikati ya bati pale palipokuwa na nafasi, kana kwamba walikuwa wakifanya mazoezi miaka kumi.

Unaona? Bati halina juu wala chini. Chuma nacho hakina. Wao hawakuwa na cha kubishania! Kijana wa drams akaona haya kukaa bure, akaingia. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisa vichwa na hakuna wimbo bado.

Nikasema potelea mbali. Nikamshika mkono bwana wa mpunga, kamba yake na yote, nikamwingiza kwenye unga. Anacheza kama anakanyaga moto, lakini alikuja. Watu wakacheka. Akatoka mama mmoja kwao, akatoka mzee Alcée wa kwetu kumpokea, na kabla sijageuka mara ya pili kuta zote mbili zilikuwa tupu.

Rayford ndiye aliyeshuka, akapiga sauti ya chini. Lazima niseme kweli, alishuka kwa sababu nilipita karibu na jukwaa nikamwangalia. Akashuka akaikuta fidla, na Hebert alipoisikia kodiani imemjia chini, akafumba macho akacheka kama mtoto. Oh, Zulema. Fidla yake ina majonzi, unajua walivyo, kila wimbo mtu ameachwa. Na chini yake vijana wetu wanapiga kama mtu ameokota bahati. Huzuni ya juu na furaha ya chini kwa wakati mmoja! Wimbo wa kuachwa, na watu wanaucheza kwa meno thelathini na mawili nje. Nilikuandikia kwamba masikio yangu yana umri. Nafuta maneno hayo. Ulikuwa umesema kweli, na sitakwambia tena mpaka nife.

Sasa jambo lenyewe. Karibu na saa kumi na moja Hebert alisimamisha muziki, akashika kipaza sauti.

"Dansi hii ya walzi nilifundishwa na baba yangu," akasema. "Baba yangu aliipata kwa Théophile Auzenne, aliyeujenga ukumbi huu. Théophile alitupigia kwetu miaka kumi na minne. Hatukumpa kiti mezani hata siku moja. Nilikuwa mtoto, lakini macho nilikuwa nayo. Ilikuwa vibaya, na ninyi wa rika langu mnajua ilikuwa vibaya."

Watu wake wengine waliangalia viatu. Mmoja alitoka. Wengine walibaki. Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru hawakupiga. Halafu akaipiga, ile walzi ya Baba, Rayford akamfuata taratibu na Wilda akagusa bati kwa ncha za vidole tu. Nililia, mdogo wangu. Nililia hadharani na bwana wa mpunga akanipa kitambaa chake.

Baadaye Hebert alinifuata jikoni. Nikamvutia kiti, nikampakulia, tukala. Akasema walzi ile ina sehemu tatu, lakini babake alizishika mbili tu. Ya tatu ilikuwa fupi, Théophile aliipiga mara moja tu kila dansi, mwisho kabisa, watu wakiwa wanatafuta kofia. Babake aliitafuta mpaka anakufa. Akaniuliza kama ninaijua. Mimi siijui, Zulema. Nilikuwa nimeshaolewa miaka ile.

Tumekubaliana Jumapili ya Pasaka wapige tena pamoja, na kila Jumapili baada ya hapo, paa lao liwepo lisiwepo. Bwana wa mpunga aliniuliza, "Na ghala langu?" Nikamwambia, "Ghala gani?"

Dada yako,
Odile


Richmond
10 Machi 1994

Dada yangu Odile,

Shikamoo. Hatujambo, paka hajambo, ardhi imetulia. Nimekawia kujibu kwa sababu barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu. Nimefurahi kuhusu ukumbi. Nimefurahi mno hata nimemsomea tarishi wetu, naye amecheka mpaka kofia imeanguka. Kwamba nilisema kweli, nimeikata sehemu hiyo ya barua yako na kuibandika kwenye friji.

Mwambie Bwana Hebert nimesikia alichosema. Babake sijamsamehe, na sitasema nimemsamehe ili watu wapate kula vizuri. Lakini yeye nimemsikia.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kulisema. Jumamosi zile Baba alipokwenda kwao, mimi nilikuwa nakwenda naye. Mama alidhani nalala kwako. Nilikuwa na miaka kumi na tano na sikuwa na ruhusa ya kukaribia mlango wowote wa pale, basi nilikaa nje, chini ya lile dirisha lake, kwenye nyasi, nikisikiliza dansi nzima. Baba alijua niko pale. Wao hawakujua. Mara nyingi nilisinzia.

Na mwisho wa walzi ya mwisho aliongeza kile kipande. Haikuwa sehemu ya tatu, Odile. Haikuwa ya wimbo kabisa. Alikuwa ananiambia: amka mtoto, mfunge farasi kwenye gari, tunakwenda nyumbani.

Si ajabu Hebert mzee alishindwa kukishika. Hakikuwa chake.

Kisha Baba akafa, na ikawa hakuna tena wa kuniita. Ndiyo maana nilipanda treni. Mlisema nimefuata mishahara ya viwanda vya meli. Haya, na mishahara niliifuata. Lakini nilishindwa kukaa mahali ambapo Jumamosi inaisha na mtu haniambii twende.

Sijamwimbia mtu yeyote kipande hicho, hata marehemu mume wangu. Nikiosha vyombo hukiimba kwa mdomo uliofungwa. Wiki hizi mbili nilitaka nibaki nacho, niwakomoe. Halafu nikafikiri, nikifa mimi kimekufa, na Baba atakuwa amekosa kiti mara ya pili.

Nimekata tiketi ya basi. Nafika Alhamisi Kuu, na gumbo la Pasaka nitalipika mimi, nyanya na yote. Rayford nitamfundisha kwanza. Akishakishika, ndipo amfundishe Hebert, na Hebert aseme asante. Jumapili wakipiga, mimi nitakwenda nje nikae chini ya dirisha la ukumbi wetu, nyasi ziwe zimekatwa tafadhali, goti langu nalo si la kuchezea. Mwambie Wilda bati alinyamazishe pale mwisho. Miaka hamsini na miwili sijaitwa, Odile. Nataka nisikie vizuri.

Mdogo wako,
Zulema